Siki kwenye injini ya Benzi ya baba

Gari ninaloendesha aliniachia baba. Ni Mercedes-Benz E240 ya mwaka 2004, rangi ya fedha, ile yenye macho manne ya mviringo mbele. Ilitoka Japani, ikashushwa bandarini Dar es Salaam mwaka 2012. Baba aliinunua alipostaafu, akaifungulia daftari: kila oili iliyomwagwa na kila plagi iliyobadilishwa, pamoja na tarehe na kilomita. Plagi zenyewe si chache. Injini yake, M112, ina silinda 6 na kila silinda ina plagi 2, kwa hiyo ukibadilisha ni 12 kwa mpigo. Daftari hilo bado ninalo. Mwandiko wa baba unaishia Machi 2019. Kuanzia hapo ni wangu, na kurasa zote za mwaka huu zinahusu kitu kimoja: sensa za oksijeni, zile zinazopima oksijeni kwenye moshi wa injini.

Darasani nasema kihisi, na wanafunzi wangu huandika hivyo kwenye mitihani. Gereji wanasema sensa, na mambo haya yalitokea gereji, kwa hiyo nitasema sensa.

Taa ya injini iliwaka asubuhi moja nikiwa foleni ya Mwenge, nikitoka Tegeta kwenda kazini. Sailensa, yaani mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, ilikuwa imeanza kusumbua tangu wiki iliyotangulia. Gari likisimama, mshale wa mzunguko wa injini unashuka, unapanda, unashuka tena, na usukani unatetemeka mkononi kama mgonjwa wa homa. Ukikanyaga mafuta linatulia. Jioni yake nikalipeleka gereji moja kubwa inayosifika kwa magari ya Kijerumani. Wakachomeka mashine, na dakika tano hazikupita kijana akaja na karatasi.

"Madam, sensa za oksijeni zote nne zimekufa. Tunabadilisha zote, milioni moja na laki mbili pamoja na ufundi."

Nikaomba karatasi niisome mwenyewe. Iliandikwa P0171 na P0174, basi.

Namba hizo hazisemi kwamba sensa imekufa. Zinasema mchanganyiko ni mwembamba, yaani hewa nyingi na mafuta kidogo. P0171 ni ya silinda 1 hadi 3, ambazo kwetu ziko upande wa dereva, na P0174 ni ya silinda 4 hadi 6. Sasa nani aliyeigundua hiyo hewa ya ziada? Ni sensa zenyewe. Zimefanya kazi yake na zimefikisha habari, halafu aliyepelekewa habari anataka kuzing'oa azitupe. Wahenga walishasema mjumbe hauawi. Nikalipa pesa ya kupima, nikarudi nyumbani na gari langu likitetemeka vilevile.

Nafundisha kemia kidato cha tano na cha sita, na sensa hii ndiyo kitu pekee kwenye gari ninachoweza kukieleza kwa chaki kuanzia mwanzo hadi mwisho. Petroli kilo 1 inahitaji hewa kilo 14.7 hivi ili iungue yote na hewa nayo iishe yote. Uwiano huo ndio wenye magari wanauita lamda 1. Masega yaliyo kwenye bomba la moshi, yale yenye platinamu, paladiamu na rodiamu, yana kazi tatu kwa wakati mmoja: kuigeuza kaboni monoksaidi, kuyaunguza mabaki ya petroli, na kuzivunja oksidi za nitrojeni. Kazi mbili za kwanza zinataka oksijeni, ya tatu inataka oksijeni isiwepo. Kwa hiyo masega hufanya kazi zote tatu kwenye kinjia chembamba sana karibu na lamda 1. Ukienda pembeni kidogo tu, moja kati ya hizo tatu inakwama na sumu inatoka nje.

Ndiyo maana sensa ikawekwa. Gari la kwanza kuuzwa nayo lilikuwa Volvo, mwaka 1976, kwa ajili ya soko la California, na sensa yenyewe ilikuwa ya Bosch. Volvo walijivunia kiasi cha kubandika kibao cha Lambda Sond kwenye wavu wa mbele wa gari.

Ndani ya sensa kuna kauri ya oksidi ya zirkoniamu iliyochanganywa na itriamu kidogo. Ikipata moto wa nyuzi 300 na kitu, kauri hiyo inaanza kupitisha ayoni za oksijeni. Upande mmoja unagusa moshi, upande wa pili unagusa hewa ya nje, na pande zote mbili zimepakwa platinamu. Hiyo ni seli ya umeme, sawa na zile tunazochora darasani, ila hapa mkusanyiko unaopimwa ni wa oksijeni. Hesabu yake ni mlinganyo wa mwanakemia Nernst wa mwaka 1889, huohuo ulio kwenye silabasi. Chukua joto la kelvini 900. Moshi wenye oksijeni asilimia 1 dhidi ya hewa yenye asilimia 21 unakupa volti 0.06. Moshi wa mchanganyiko mzito, ambamo oksijeni imekwisha hadi kubaki sehemu isiyofikirika, 10 kwa kipeo cha hasi 20 za angahewa, unakupa volti 0.86. Kati ya hizo mbili hakuna mteremko wa polepole, kuna ukuta. Kompyuta ya injini inakaa juu ya ukuta huo ikiongeza mafuta na kupunguza, ikiongeza na kupunguza, mara moja au zaidi kila sekunde. Nernst huyohuyo ndiye aliyetengeneza taa ya umeme mwaka 1897 kwa kijiti cha oksidi ya zirkoniamu na itriamu. Kila ninapolisema hili darasani napata furaha isiyozoeleka.

Kwenye gari langu sensa ziko nne. Kila upande una moja kabla ya masega na moja baada ya masega. Ya mbele ndiyo inayoongoza mafuta. Ya nyuma inayachunga masega: masega yakiwa mazima, yanahifadhi oksijeni na kuitoa, na sensa ya nyuma inatulia kwenye volti 0.6 au 0.7. Siku ikianza kuyumba sawasawa na ya mbele, utaona P0420 au P0430, na hapo masega ndiyo yanayochoka.

Nilirudi nyumbani, nikachomeka kile kidude kidogo cha ELM327, cha kusomea kompyuta ya gari, chini ya usukani, nikaunganisha na simu. Sikuangalia namba za kosa tena. Niliangalia namba mbili zinazoonyesha kompyuta inaongeza mafuta asilimia ngapi kuliko hesabu yake ya kawaida. Gari likiwa sailensa, pande zote mbili jumla ilikuwa asilimia 23 juu. Nikapandisha injini hadi mizunguko 2,500 na kuishikilia hapo: ikashuka hadi 4.

Hapa naomba msomaji mwenye gari atulie nami kidogo, kwa sababu kipimo hiki hakigharimu kitu na kinaokoa pesa nyingi. Kompyuta inahesabu hewa kwa sensa nyingine, ile iliyo karibu na eaklina, yaani kichujio cha hewa. Ikiwa kuna mpira uliopasuka baada ya hapo, hewa inaingia bila kuhesabiwa. Injini ikiwa sailensa inavuta hewa kidogo sana, kwa hiyo hewa ya wizi ni sehemu kubwa ya hewa yote na kosa ni kubwa. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi inamezwa. Kosa kubwa kwenye sailensa na dogo kwenye mwendo maana yake mpira umepasuka mahali. Kosa likiwa dogo kwenye sailensa na kukua kadiri unavyokanyaga, itilie shaka sensa ya hewa au pampu ya mafuta. Na kama bomba la moshi linavuja kabla ya sensa, hewa ya nje inanyonywa humo ndani na sensa inaona oksijeni ambayo haikutoka kwenye silinda. Hayo yote unaambiwa na sensa zilezile ambazo mtu alitaka kuzitupa.

Jumamosi nikaenda kwa fundi wangu wa Tegeta, mtu mzima aliyemhudumia baba pia, mwenye gereji ya chini ya mwarobaini. Nikamwonyesha zile namba. Hakuuliza maswali mengi. Alichukua kipande cha mpira mwembamba, akaweka ncha moja sikioni, akawa anaipitisha ncha nyingine juu ya injini inayonguruma, taratibu, kama daktari. Alipofika nyuma, kwenye tapeti kava ya kulia, kile kifuniko cha juu ya injini, karibu na ukuta wa injini, akasimama. Akanipa ule mpira nisikilize. Kulikuwa na mluzi mdogo. Mpira wa kona wa kupumulia injini ulikuwa umekauka kama gamba na kupasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki.

Alipoutoa akaona na vile vifuniko vya kupumulia juu ya tapeti kava vinavujisha oili. Ni ugonjwa unaojulikana wa injini hizi. Vifuniko hivyo havina gasketi, vimegandishwa kwa gundi ya silikoni tangu kiwandani, na gundi ikizeeka oili inapenya. "Madam, kwa kuwa nimeshafungua, nivisafishe nivigande upya?" Nikasema sawa.

Alikwenda dukani akarudi na tyubu. Alipoifungua nilikuwa nimeegemea mwarobaini hatua tatu kutoka kwake, na harufu ikanifikia. Ilikuwa siki. Mwalimu wa kemia haikosei harufu hiyo: ni asidi ya asetiki, inayotoka silikoni ya kawaida inapoganda, ileile ya kuzibia sinki na madirisha ya aluminiamu. Niliijua, na nilinyamaza. Nilijiambia fundi ana miaka thelathini kwenye kazi hii, mimi nani nimfundishe gundi. Akapaka nene, ikamwagikia ndani, akafunga. Tukasubiri nusu saa, akawasha gari. Sailensa ikatulia kabisa. Nililipa, nikamshukuru, nikaandika kwenye daftari.

Wiki tatu baadaye, kilomita kama 1,100, taa ikawaka tena. Safari hii namba zilikuwa P0133 na P0153: sensa ya mbele upande wa kwanza inajibu polepole, na sensa ya mbele upande wa pili inajibu polepole. Nilifungua picha ya mawimbi kwenye simu. Mwanzoni, hata lile gari likitetemeka, mawimbi yalikuwa makali, juu, chini, juu, chini. Sasa yalikuwa yamevimba kama bahari ya usiku, yanapanda kwa uvivu na kukatika kabla ya kufika juu. Mafuta nayo yalikuwa yanaisha haraka. Safari ya kazini niliyozoea kujaza mara moja kwa wiki ilianza kudai zaidi.

Sensa mbili za pande mbili tofauti hazichoki wiki moja kwa uzee. Kuna kitu kilichopita kwenye njia yao ya pamoja. Niliwaza petroli, niliwaza maji ya rejeta kuvuja ndani, kisha nikaikumbuka siki, na mwili ukanisisimka.

Siki yenyewe haiui sensa. Kinachoua ni mivuke myepesi ya silikoni inayotoka pamoja nayo wakati gundi bado mbichi. Vifuniko vile ndivyo njia ya pumzi ya injini: kila mvuke unaozaliwa ndani yake unanyonywa na kupelekwa kwenye silinda ukachomwe. Silikoni ikiungua inabaki silika, na silika ni mchanga. Ni unga mlaini kuliko vumbi la chaki, unaosafiri na moshi na kukutana na kitu cha kwanza chenye vitundu vidogo kwenye bomba, nacho ni ncha ya sensa ya mbele. Unaziba vile vitundu, oksijeni inachelewa kuingia na kutoka, na ule ukuta mkali wa Nernst unageuka kuwa mlima wa polepole. Sensa za nyuma zilipona kwa sababu masega yalikuwa mbele yao, na masega nayo yamekula sehemu ya ule mchanga, jambo linaloniuma zaidi kuliko sensa.

Mambo haya hayakutokea kwangu peke yangu. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 2007, kusini-mashariki mwa Uingereza, maelfu ya magari yalianza kutetemeka na kukosa nguvu siku chache baada ya kujaza mafuta. Ilibainika petroli ilikuwa imechanganyika na silikoni, na kilichokufa kwenye magari hayo kilikuwa sensa za oksijeni. Sisi nasi tulikuwa na sumu yetu: petroli yenye risasi, ambayo iliifunika platinamu ya sensa na ya masega. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006. Benzi kama hii isingedumu Dar es Salaam bila mabadiliko hayo.

Nikarudi kwa fundi na kumweleza, kwa heshima, bila kumlaumu, maana niliinusa na nikanyamaza. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Madam, siku nyingine ukinusa kitu, sema." Nimelibeba neno hilo.

Tukazifungua sensa mbili za mbele injini ikiwa na uvuguvugu, si moto wa kuunguza wala baridi, kwa kuwa chuma kikipoa kabisa uzi unashika na kuondoka na nyuzi za bomba. Spana yake ni ya milimita 22, ile yenye mwanya ubavuni wa kupitishia waya. Ya upande wa dereva ilitoka kwa shida, tukaipulizia mafuta ya kulegeza na kusubiri. Nilipoishika mkononi niliona nilichokitegemea. Ncha ya sensa nzima huwa ya kijivu au kahawia hafifu. Injini inayokula mafuta mengi huifanya nyeusi kwa masizi, na masizi yanaungua yakaisha. Hii ilikuwa nyeupe. Kwenye vitundu vya kifuniko chake kulikuwa na unga mweupe, kama mtu ameichovya kwenye sembe. Nikaupitisha ukucha, ukabaki palepale.

Nilinunua mbili mpya za Bosch, nikalinganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na namba ya zile za zamani, tarakimu kwa tarakimu. Za mtumba sikutaka hata kuziona. Sensa ya namna hii hukadiriwa kudumu kilomita 160,000 hivi, na ile ya mtumba huwezi kujua imeshatembea ngapi wala imevuta nini. Za nyuma sikuzigusa, ziko nzima. Fundi alitaka kupaka grisi kwenye uzi, nikamwonyesha kwamba uzi umekuja umeshapakwa kiwandani. Ukiongeza, inayoyeyuka inaweza kuifikia ncha. Tukakaza kwa spana ya kipimo, Nm 45. Fundi umeme kijana aliyekuwa pale akaja na dawa ya kupuliza ya kusafishia soketi, nikamshika mkono. Sensa hizi zinavuta ile hewa yao ya kulinganishia kupitia ndani ya waya, katikati ya nyuzi za shaba. Ukipulizia dawa kwenye soketi, ukipaka grisi, au ukikata waya na kuuchomelea risasi, umeiziba pua. Kijana akaniangalia, akaiangalia waya, akasema, "Kumbe inapumua, Madam?" Ndiyo, inapumua. Kwa sababu hiyohiyo, na kwa sababu kauri ya moto hupasuka ikipigwa maji ya baridi, sikubali tena injini yangu ioshwe kwa mpira wa presha gari likitoka barabarani.

Vile vifuniko vya kupumulia vilifunguliwa upya, ile silikoni ikakwanguliwa yote, ndani na nje. Tulipaka ile iliyoandikwa kwenye tyubu kwamba haidhuru sensa za oksijeni, uzi mwembamba tu, na gari likalala pale hadi kesho yake saa nane mchana bila kuwashwa.

Yule kijana aliniuliza kwa nini nisingetoa tu masega na kuidanganya sensa, kama wengi wanavyofanya. Najua biashara hiyo. Mwaka 2021 aunsi moja ya rodiamu ilipita dola 20,000, na mnunuzi wa masega alikuwa hakosekani. Masega yanauzwa, bomba tupu linachomelewa mahali pake, na sensa ya nyuma inasogezwa nje kwa kipande cha chuma ili inuse moshi kidogo na kuripoti kwamba mambo ni shwari. Gari linakwenda, tena wengine wanasema linakwenda vizuri zaidi. Lakini pale foleni ya Mwenge, bomba langu la moshi liko usawa wa magoti ya dereva wa bodaboda aliyesimama nyuma yangu, na mara nyingi amempakia mtoto wa shule mbele, kwenye tangi. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Siwezi kumfundisha mtoto darasani jinsi inavyoishika damu, halafu asubuhi yake nikampulizia. Nilimwambia kijana maneno hayohayo, na nayaandika hapa kama nilivyoyasema.

Sensa moja iliyokufa nilikwenda nayo shuleni. Fundi alinipa na nyingine ya zamani kutoka kwenye boksi lake, nyeusi kwa masizi. Waya nne za sensa hizi zinasomeka kirahisi: nyeupe mbili ni za kipasha joto, nyeusi ni ya ishara, ya kijivu ni hasi. Tulizibana sensa zote mbili kwenye stendi za maabara, tukaunganisha nyeupe kwenye betri ya gari ya volti 12, multimita kwenye nyeusi na kijivu, tukasubiri dakika mbili. Kisha mwanafunzi mmoja akasogeza mwali wa bana ya gesi kwenye ile nyeusi, sehemu ya ndani ya mwali ambako oksijeni imekwisha. Namba ikaruka hadi 0.8 kabla hajamaliza kusema tayari. Akaondoa mwali, ikaanguka. Akarudia mara tatu, na masizi yakaungua mbele ya macho yetu, ncha ikabaki kijivu safi.

Akahamia kwenye ile nyeupe. Tulihesabu kwa sauti darasa zima. Kwenye sita ilikuwa imefika 0.5, na hapo ikagoma. Alipoondoa mwali ilishuka kidogo kidogo, tukahesabu tena.

"Madam, hatuwezi kuiosha?" akauliza aliyekuwa mbele.

Nikawarudishia swali, tukalitafutia jibu ubaoni. Maji hayaifanyi silika kitu. Siki hali kadhalika, na asidi ya haidrokloriki pia. Inayoila silika ni asidi ya haidrofloriki, ambayo inakula na chupa ya glasi inayoihifadhi na inapenya ngozi hadi mfupa, nayo haiingii kwenye maabara ya shule. Sensa ile ipo kabatini sasa, kwenye kisanduku cha petri, na kibandiko chenye tarehe.

Jumamosi iliyopita fundi alinipigia simu akiwa mtaa wa Gerezani, dukani, kelele nyingi nyuma yake. Ameletewa Benzi nyingine yenye injini kama yangu, vifuniko vinavuja oili.

"Madam, nimeshika tyubu hapa. Imeandikwa Kiingereza, nikusomee herufi."

Akanisomea, herufi moja moja, mpaka neno la oksijeni likatimia.

"Ndiyo hiyo," nikamwambia. "Nunua mbili, moja ya kwangu. Na risiti usiitupe, nitaibandika kwenye daftari."